HELA ULIYONUNULIA IMESHAONDOKA. UZA HIYO OVENI!

SEHEMU YA 1: Kile kitu kilichofunikwa kitenge



Leo siongelei homa wala chanjo. Naongelea kile kitu kilichokaa kona ya sebule kimefunikwa kitenge. Mnakijua. Kwa huyu ni oveni kubwa na mashine ya kuchanganyia keki. Kwa yule ni cherehani ya umeme. Kwa mwingine ni kamera na lenzi zake tatu ndani ya begi juu ya kabati, au mashine ya kukimbilia ambayo siku hizi kazi yake ni kuanikia nepi.

Mlinunua kwa mapenzi. Wengine mlikuwa hamjaolewa bado, mna muda, mna mshahara usiogawanywa na mtu. Kupika keki ilikuwa raha yako ya Jumamosi. Halafu mtoto akaja, wa pili akafuata, nyumba ikawa ndogo, usingizi ukapotea. Oveni ina mwaka na nusu haijawashwa.

Ukimuuliza mwenyewe mbona hauzi, jibu linafanana Dar, Mwanza, Mbeya mpaka Tanga: "Nilinunua laki tisa. Leo mtu ananipa laki nne na nusu. Siwezi kula hasara hiyo. Bora ikae."

Bora ikae. Maneno hayo mawili ndiyo nimekuja kugombana nayo leo. Yanafilisi familia changa taratibu, na mnayasema kama vile ni busara ya kutunza mali.

Mtasema nesi ametoka nje ya mada, aturudishe kwenye uji wa mtoto. Subirini. Mkifika sehemu ya 5 mtajua kwa nini hili ni jambo la wodini.

SEHEMU YA 2: Tupige hesabu polepole

Tuseme ulinunua oveni kwa 900,000. Leo anakuja mtu na 450,000 mkononi. Wewe unaona akiondoka na oveni, umepoteza 450,000 siku hiyo.

Hapana. Hiyo 450,000 nyingine hukuipoteza leo. Sehemu yake ilipotea siku ile ile ulipoitoa oveni dukani, maana kitu kikishatoka dukani kimeshakuwa mtumba. Sehemu nyingine imeondoka mwezi baada ya mwezi. Na sehemu nyingine uliila mwenyewe: keki za birthday, mikate ya Krismasi, biskuti za Idi ulizogawa mtaa mzima. Hiyo siyo hasara, hayo ni matumizi, kama nauli. Ukishuka kwenye daladala humdai konda akurudishie nauli eti kwa sababu umeshafika.

Kwa hiyo uamuzi wa leo hauna 900,000 ndani yake. Una vitu viwili tu: 450,000 mkononi, au oveni kwenye kona. Chagua kimoja.

Na kama unashindwa kuchagua, geuza swali hivi: ningekuwa na 450,000 taslimu leo asubuhi, na mahitaji yote ya nyumba hii nayajua, ningetoka kwenda kununua oveni hii hii iliyotumika?

Ukijibu ndiyo, baki nayo, na kesho iwashe. Ukicheka mwenyewe kwa wazo hilo, basi umeshajibu. Maana kila siku unayokataa kuiuza kwa 450,000 ni sawa na kuinunua upya kwa 450,000. Tofauti ni kwamba hela haipiti mikononi, ndiyo maana haikuumi.

SEHEMU YA 3: Mbona kwenye maziwa na dawa mna akili?

Hili ndilo linanishangaza. Nyie nyie mnaoshikilia mashine iliyokufa, kwenye mambo ya mtoto hamna masihara kabisa.

Mama anayelazimika kutumia maziwa ya kopo anajua bei yake inavyouma. Lakini maziwa yaliyokorogwa yakikaa mezani yakapita saa mbili, anayamwaga. Yale aliyobakiza mtoto kwenye chupa, anayamwaga. Hasemi "kopo ni ghali, ngoja anywe tu nisile hasara". Anajua hela ya kopo imeshatoka, na swali lililobaki ni moja: haya maziwa yatamfaa mtoto au yatamdhuru?

Dawa vilevile. Daktari akikubadilishia dawa baada ya siku mbili, huendelei kumeza ya kwanza kwa sababu ulishailipia. Syrup iliyopita muda wake humnyweshi mtoto eti chupa bado imejaa.

Hata sisi kazini, mgonjwa akitokwa damu nyingi, iliyomwagika tunaikadiria ili tujue hali yake. Lakini iliyomwagika sakafuni hakuna anayejaribu kuizoa airudishe mwilini. Mikono yote inakwenda kuzuia inayoendelea kutoka. Wahenga walishasema, maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa akili hiyo mnaiacha wapi mkifika kwenye kamera? Kwenye dawa mnauliza itanisaidia nini kuanzia leo. Kwenye mashine mnauliza ilinigharimu nini juzi. Swali la kwanza ndilo la mama. La pili ni la mtu anayefukuza basi lililoondoka jana.

SEHEMU YA 4: Kitu chako hakina thamani unayoiona wewe

Kuna jambo wasomi wamelipima, na nalileta hapa ili msidhani ni maneno ya nesi tu.

Mwaka 1990 watafiti watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi. Baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe vya kawaida vya kahawa. Wenye vikombe wakaulizwa: utauza kwa bei gani? Wasio navyo wakaulizwa: utanunua kwa bei gani? Wenye vikombe walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa, na hata zaidi.

Vikombe vilikuwa vile vile, darasa ni lile lile, na hao wenye vikombe walikuwa wamevimiliki kwa muda mfupi tu tena bila kulipa hata senti. Kile kitendo cha kusema "hiki ni changu" kilitosha kupandisha bei kichwani mwao. Kahneman alipata tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2002, Thaler akaipata mwaka 2017.

Sasa kama kikombe cha bure kinamfanyia mtu hivyo, cherehani uliyodunduliza miezi minane kwenye kikoba itakufanyia nini? Unaiangalia unaona jasho lako, unaona gauni la kwanza ulilomshonea mwanao. Mnunuzi anaona cherehani ya mtumba yenye mkwaruzo ubavuni. Yeye hakudharau. Hana kumbukumbu zako, na huwezi kumuuzia kumbukumbu.

Kwa hiyo mnunuzi akitaja bei ndogo, acheni kumtukana kwenye maoni. "Nenda kanunue ya mwanasesere", "Huna hela kaa kimya." Jamani! Mtu amesema uwezo wake. Kama watu watano wametaja bei zinazokaribiana, hao watano siyo wezi. Hiyo ndiyo bei.

SEHEMU YA 5: Hapa ndipo inaponihusu mimi

Sasa nisikilizeni vizuri.

Vitu hivi mnavyokataa kuviuza mchana mkiwa mmetulia, mnaviuza usiku mkiwa mnalia. Sitaji mtu na sitaji kituo, ila nimeshasimama kwenye korido nyingi na kusikia simu nyingi. "Kaka, ile kamera bado unaitaka? Ile uliyosema laki tisa. Basi nipe laki tatu, nitumie sasa hivi." Na kaka wa upande wa pili siyo mjinga. Anajua saa nne usiku hubishani.

Mtu yule yule aliyekataa 900,000 mwezi wa kwanza kwa sababu "ni hasara", mwezi wa sita anachukua 300,000 na kusema Mungu akubariki. Hasara hakuikimbia. Aliiahirisha, nayo ikarudi na watoto wake.

Ndiyo, najua sera ya nchi yetu inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 wapate huduma bila malipo kwenye vituo vya umma. Lakini bajaji ya usiku haina msamaha. Dawa isiyokuwepo dirishani utaambiwa ukanunue nje. Mama anayemlaza mtoto anahitaji kula, na watoto waliobaki nyumbani wanahitaji mtu na chakula. Hapo ndipo familia isiyo na akiba ya laki mbili inapoanza kusema "tusubiri kidogo, labda homa itashuka".

Na hapo kwenye "tusubiri" ndipo ninapopoteza usingizi. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, huyo hasubirishwi hata saa moja. Hiyo ni hospitali sasa hivi, hela ipo haipo. Msiniambie mlikuwa mnatafuta mnunuzi. Nendeni kwanza.

Lakini ingekuwa vizuri kiasi gani kama mnunuzi angekuwa alishakuja miezi mitano nyuma, na hela iko kwenye simu au benki imetulia? Mjamzito wa wiki 30 mwenye mashine ya kukimbilia chumbani na sifuri kwenye akaunti ana akiba, isipokuwa ameiweka kwenye chuma kisichoweza kulipa bajaji.

SEHEMU YA 6: Mnacholinda siyo hela

Niseme ukweli mchungu. Wengi wenu hamlindi hela. Mnalinda uso.

Ukiuza oveni kwa nusu bei, wifi atasema. Mume atasema "si nilikuambia?" Mama mkwe atatikisa kichwa. Mtaa uliokuona ukishusha oveni kwa mbwembwe utakuona ukiipakia kwenye bajaji. Ikikaa kwenye kona, unaweza kuendelea kusema "nitaanza tena mtoto akikua". Oveni inakuwa cheti kwamba hukushindwa.

Dada, hukushindwa. Uliyenunua ulikuwa na saa kumi za Jumamosi. Leo una mtoto anayeamka mara nne usiku. Maisha yamebadilika, basi. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Ukitaka keki tena baada ya miaka mitano, oveni zitakuwepo madukani, na huenda ukanunua ya mtumba nzuri kwa mama mwingine aliyechoka.

Na nyie akina baba, msijifiche. Yale maspika makubwa yasiyowashwa tangu mtoto azaliwe ni ya nani? Gitaa? Playstation iliyoharibika kidude? Mnamcheka mke na oveni yake huku mmelalia laki sita chini ya kitanda. Tena neno lenu "nilikuambia" ndilo linalozuia nyumba isiuze vitu. Mke akijua kila hasara itasomwa mezani kila mnapogombana, hawezi kuuza. Atafunika kitenge. Kama unataka hela irudi ndani ya nyumba, siku ya kuuza funga mdomo, msaidie kubeba.

SEHEMU YA 7: Majibu kwa wabishi

"Nesi, vitu vinapanda bei, shilingi inashuka. Ikikaa nitauza zaidi."
Inawezekana kwa baadhi ya vitu vya kutoka nje. Lakini basi angalia bei ya leo sokoni, siyo bei ya risiti yako. Kama bei ya leo ni kubwa, chukua hiyo kubwa. Na usisahau kitu kinachokaa kinaoza kwa namna yake. Lenzi za kamera kwenye joto na unyevu wa pwani zinaota kuvu ndani. Cherehani isiyotumika mafuta yake yanaganda, vyuma vinashika kutu. Mpira wa gesi unachakaa na kupasuka. Panya nao wanapenda sana mgongo wa oveni. Unasubiri bei ipande huku kitu kinashuka.

"Lakini hii ni mtaji wangu."
Mtaji unaingiza. Kama kuna mwezi katika miezi sita iliyopita mashine hiyo imeleta hela, sikugusi, endelea kupambana. Ninayemsema ni yule ambaye oda ya mwisho aliipata kabla ya ujauzito.

"Waalimu wa biashara wanatuambia tusikate tamaa."
Waambieni wawalipie kodi ya chumba. Kutokata tamaa ni kwa kitu unachokifanya. Kitu usichokifanya hakina tamaa ya kukatwa.

"Nitampa mdogo wangu badala ya kumuuzia mtu kwa bei ya kutupa."
Vizuri sana! Mpe leo. Mdogo wako akishonea watu nguo, kitu kimefanya kazi. Ninachopinga ni "nitampa" ambayo ina miaka miwili.

"Kitu cha marehemu mama yangu."
Hicho baki nacho. Hicho hukukinunua na hakina bei. Sijaja kuuza kumbukumbu za watu.

SEHEMU YA 8: Sasa uza, lakini uza kwa akili

Kuachilia hela iliyoondoka siyo kutupa kitu. Mwenye haraka ya usiku ndiye anayetupa. Wewe una muda, utumie hivi.

Kwanza, risiti. Ina kazi moja: kumwonyesha mnunuzi kwamba kitu siyo cha wizi. Wakati wa kupanga bei iweke kabatini, usiiangalie.

Pili, tafuta bei iliyouziwa, siyo bei iliyoandikwa. Kila mtu anaandika bei ya ndoto. Uliza watu watatu waliouza kitu kama chako walipata ngapi mkononi.

Tatu, safisha, washa, piga video ikiwa inafanya kazi. Sema kasoro zake mwenyewe kabla hujaulizwa. Weka na vifaa vyake vyote: trei, nyaya, sindano, begi. Na ukiweza muuzie anayeanza hobi hiyo, siyo dalali, maana dalali naye lazima ale.

Nne, andika kwenye daftari bei ya chini utakayokubali, na tarehe. Mfano: wiki mbili za kwanza nasimamia 500,000. Zikiisha, 450,000. Mwezi ukiisha, anayetoa 400,000 anaondoka nayo. Mume na mke mkubaliane siku hiyo hiyo, ili mnunuzi akija msianze kugombana mbele yake.

Tano, usalama. Kutaneni sehemu yenye watu, mchana, usiende peke yako na mtoto mgongoni. Akisema ametuma hela, usiangalie meseji anayokuonyesha kwenye simu yake, wala usiamini meseji iliyoingia kwako tu. Fungua salio lako mwenyewe, uone hela, ndipo atoe kitu mlangoni.

Sita, na hii ndiyo kubwa: ipangie hela kazi kabla haijaingia. Bima, akiba ya kujifungua, kodi, ada. Mali bila daftari huisha bila habari. Oveni ikigeuka soda na vocha ndani ya wiki mbili, hapo ndipo utakuwa umekula hasara ya kweli.

Nafasi nayo ni faida. Ile kona ikiwa tupu, mtoto anapata mahali pa kutambaa, mbali na nyaya, sindano na mkanda wa mashine unaobana vidole.

Usiku huu, mtoto akilala, ondoa kile kitenge. Kiangalie kitu chenyewe, siyo bei yake ya zamani. Jiulize lile swali la sehemu ya 2 kwa sauti, mwenzako akisikia. Jibu likiwa hapana, kesho piga picha, weka sokoni. Atakayekuja atataja bei itakayokuuma kidogo. Vumilia, hesabu hela, mfungulie mlango aondoke nayo.

Wenye vitu vya kuuza, viandikeni hapa chini kwenye maoni pamoja na mkoa mliopo. Bei wekeni ya leo.